Akina Wanyonyi wa Rafu ya Tatu

Sura ya Sita

Vitabu vinne vilisimama kwenye rafu ya tatu ya maktaba ya Kitale, vimebanana kama ndugu waliolala kitanda kimoja. Kila kimoja kilikuwa na jina lile lile mgongoni: F. Wanyonyi.

Inspekta Nyaruai alivishusha vyote, akavipanga mezani. Cha kwanza kilikuwa cha vitendawili. Cha pili kilikuwa cha kufuga nyuki. Cha tatu, mapishi. Cha nne kilikuwa chembamba, jalada la kijani, kurasa arobaini tu, na kiliitwa Dawa Ziko Shambani. Nakala nyingine ya hicho cha nne alikuwa nayo ndani ya mfuko wa ushahidi, na ukurasa wake wa thelathini na moja ulikuwa na alama ya kikombe.

"Nani aliviweka pamoja?" aliuliza.

Phelista, mama anayetunza maktaba, alisema ni yeye, na hakuona kosa. Jina ni moja, basi mwandishi ni mmoja. Hata Bwana Gicheru, mkubwa wa Nyaruai kule ofisini, alikuja Jumanne akaona vile vile na kuandika vile vile.

"Huyu mzee ni hatari," alisema Konstebo Kipkoech, aliyekuwa amesimama karibu na mlango na kofia mkononi. "Anajua nyuki, anajua dawa, na bado anajua kupika chapati laini."

Nyaruai aligeuza kitabu cha mapishi. Jalada la nyuma lilikuwa na picha ya mama mnene aliyevaa aproni, akicheka, na chini yake jina kwa kirefu: Fridah Wanyonyi. Phelista aliangalia picha, kisha akaangalia dari. Miaka sita amekuwa akikiazimisha na hajawahi kukigeuza.

"Mimi nimezaliwa Bungoma," alisema, "na ni aibu nisahau. Wanyonyi si ukoo, Madam. Ni palizi. Mtoto wa kiume akizaliwa watu wakipalilia mahindi, huyo ni Wanyonyi. Huyu mama wa chapati ameolewa na mmoja wao. Sasa hesabu mashamba yote ya Bungoma, halafu hesabu miaka."

"Ni kama mimi," Kipkoech akasema. "Kipkoech ni kule kupambazuka. Watu wanazaliwa alfajiri kila siku."

Nyaruai hakucheka. Aliandika kwenye daftari lake maneno matatu, jina ni msimu, akaweka kitabu cha mapishi kando. Vilibaki vitatu, na saa yake ilisema ni saa nne kasorobo, Alhamisi asubuhi.

Kesho yake, Ijumaa saa tatu, mzee mmoja wa Kamukuywa angesimamishwa mahakamani. Alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, miaka sabini na moja, kifua kibovu, jina Festus Wanyonyi. Shtaka lilikuwa kuandika maagizo ya dawa yaliyomwangusha Rosaline Nyambu, mama wa hapo Kitale, ambaye siku ya tano sasa alikuwa hospitalini akiona watu kama vivuli. Mahakama ikishamchukua, mwalimu angepelekwa rumande, na rumande haijui kifua cha mtu. Polisi walipobisha kwake na kumwuliza kama yeye ndiye Festus Wanyonyi aliyeandika kitabu, mzee alinyoosha shati, akatabasamu, akasema ndiyo, ni yeye. Aliulizwa tena ofisini, akasema tena. Akapewa karatasi, akaandika kwa mkono wake na kutia sahihi. Gicheru alisema kesi nyepesi kama hiyo hajaiona tangu aanze kazi.

Wepesi huo ndio uliomkosesha Nyaruai usingizi. Alitoa nakala ya karatasi ile, akaiweka kando ya vitabu vitatu, akavuta kiti.

"Kaa chini, Kipkoech. Tunasoma."

Walisoma kwa dakika arobaini, Phelista akijifanya kupanga magazeti. Nyaruai alishika penseli na hakutafuta maana ya maneno. Alitafuta herufi mbili tu, l na r. Yeye mwenyewe alizaliwa katika nyumba ya watu waliotoka Nyeri kuja kulima Trans-Nzoia, na nyanya yake mpaka anakufa alikuwa akisema tukure ugari. Herufi hizo alizijua kama mtu anavyojua jiwe linalomkwaza kila siku njiani.

Kitabu cha vitendawili kilikuwa na kurasa mia moja na kumi na mbili. Hakuna l iliyokaa penye r. Kulikuwa na kitendawili kimoja ambacho alikiwekea alama: Herufi moja hunitoa mfukoni mwa karani, hunipeleka mezani kwa wageni. Jibu lilikuwa kurasa za mwisho: kalamu na karamu. Karatasi ya mwalimu ya polisi ilikuwa vivyo hivyo, safi kutoka juu mpaka sahihi. Kitabu cha nyuki kilikuwa na makosa ya kila aina, lakini l na r zilikaa kwao.

Kile cha dawa kilikuwa shamba lililoingiliwa na mbuzi. Maladhi. Kalafuu. Dawa kari. Kurara badala ya kulala.

"Basi si mwalimu," Kipkoech alisema.

"Ngoja. Mwalimu akiongea umemsikia?"

Kipkoech alikuwa amemsikia. Mwalimu akifungua mdomo, habari ni habali na kalamu ni karamu.

"Sasa mkono wake unaandika sawa na mdomo wake unakosea," Nyaruai alisema. "Bosi atasema aliandika moja akiwa makini na nyingine akiwa na haraka. Soma hapa."

Alimsogezea ukurasa wa thelathini na moja. Kipkoech akasoma polepole, kidole chini ya mstari:

"Chemsha mizizi mpaka maji iwe nyeusi. Chota kiasi hiki. Kunywa mala moja kwa siku, usipitishe, ni kari. Huu mti ndio ule uko nyuma ya choo yetu, si ule wa kwa jirani."

Alisoma tena. Halafu akauliza, kiasi gani?

"Hapo," Nyaruai alisema. "Kiasi hiki. Kitabu hakina mkono, kitakuonyeshaje? Na choo chetu ni choo cha nani? Mtu anayeandikia watu hawezi kuwaambia nyuma ya choo yetu. Hiki kitabu hakikuandikwa, Kipkoech. Kilisemwa. Mtu alikaa akisema, na mwingine akaandika kila kitu alichosikia, na huyo mwingine alikuwa akiuona mkono na anakijua choo."

Phelista aliacha magazeti. Aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu, huyo mgonjwa alikunywa nini hasa.

Nyaruai alikuwa na maelezo ya Rosaline, yaliyochukuliwa kitandani. Rosaline alisoma kunywa mala moja. Mala anaijua, ni maziwa ya kuganda, anayanunua dukani kila wiki, pakiti ya nusu lita. Akaelewa kwamba kipimo ni pakiti moja ya mala. Akaosha pakiti, akaijaza maji meusi ya mizizi mpaka juu, akanywa yote. Aliyesema alitaka kusema mara moja.

Kipkoech alivaa kofia, akaivua.

Kitabu cha nyuki kilikuwa na nambari ya simu ndani ya jalada. Nyaruai alipiga kutoka nje, chini ya paa la veranda. Aliyepokea alikuwa mzee mwenye sauti kubwa, huko Lwakhakha, mpakani kabisa, na nyuma yake watu walikuwa wakibishana bei ya vitunguu. Alisema yeye ni Festus Wanyonyi wa nyuki, na kama Madam anataka mizinga, asubiri mwezi ujao. Alipoulizwa kuhusu dawa alicheka mpaka akakohoa. Walikuwa watatu, alieleza. Walizaliwa Matulo msimu mmoja wa palizi, wote wakaitwa Wanyonyi. Wakabatizwa siku moja, na katekista alikuwa na orodha fupi ya majina. Ilipofika zamu yao ilikuwa imebaki Festus tu, akawamwagia wote watatu hilo hilo. Mama zao wakiita, wote wanakuja. Mmoja akikosea, wote wanachapwa. Baadaye mmoja alienda ualimu, huyu akaja mpakani, na wa tatu akabaki na miti yake.

"Huyo wa tatu nitampata wapi?" Nyaruai aliuliza.

"Huyo? Huyo alienda, bana. Mwaka jana."

Simu ikakatika. Alipopiga tena haikuita.

Kipkoech aliposikia, alishika funguo za gari. Lwakhakha ni daraja moja tu, upande wa pili ni Uganda. Kama alienda, alipitia pale, na rafiki yake anamficha. Wapigie simu watu wa mpakani sasa hivi. Nyaruai alifikiria, akapiga hiyo simu kweli, akatoa jina. Ofisa wa kule alimwuliza kwa upole, Festus Wanyonyi yupi, kwa sababu wiki hiyo peke yake wamevuka wanne.

* * *

Mwalimu alikuwa amekaa kwenye benchi ya selo, mgongo wima, kana kwamba darasa bado halijanyamaza. Alipomwona Nyaruai alisimama.

"Habali ya asubuhi, Madam. Kalibu. Viti ni vichache."

Nyaruai alimwuliza kuhusu kitabu kimoja baada ya kingine. Vitendawili? Ni vyake, alivikusanya miaka thelathini na nne kutoka kwa watoto wa shule. Nyuki? Si yeye, nyuki wanamwogopa. Dawa Ziko Shambani? Hapo mzee alitazama mikono yake.

"Hiyo andika ni yangu."

"Mwalimu, mimi sikuuliza niandike nini. Nimeuliza nani aliandika."

"Na mimi nimejibu. Kosa lililo ndani yake ni langu. Tosha."

Nyaruai alimweleza habari ya l na r, ya choo, ya kiasi hiki. Mzee alisikiliza kama mwalimu anayemsikiliza mtoto aliyepata hesabu ngumu. Ilionekana anataka kumpa alama na anajizuia. Nyaruai akamwambia kwamba anamjua Festus wa tatu, na anajua alienda. Mzee alishtuka kidogo, halafu akatulia alipoona Nyaruai hajui ameenda wapi.

"Kitendawili," alisema.

Kipkoech aliguna. Nyaruai akainua mkono kumnyamazisha. "Tega."

"Amelala, haamki. Ukimfungua, anaongea. Ukimfunga, ananyamaza."

Nyaruai alijaribu redio. Mzee akatikisa kichwa. Kipkoech akajaribu mlevi, na mzee akasema hapana, ingawa hilo si baya.

"Mmeshindwa. Nipe mji."

Ndiyo desturi, aliyeshindwa kutegua hutoa mji, na aliyetega huupokea kabla hajatoa jibu. Nyaruai alimpa Kitale.

"Kitale niko ndani yake tayari, na sioni faida. Mwingine."

Akampa Bungoma. Mzee akafikiri, akasema Bungoma ni kubwa, atapotea. Kisha akaketi, akafunga vifungo vya koti. Jibu hakutoa. Alisema tu kwamba Madam ana deni la mji, na yeye anaweza kusubiri, maana hana safari.

Huko nje Gicheru alikuwa amesimama na faili kwapani. Alisikiliza yote kuhusu herufi na vyoo kwa uvumilivu wa mtu aliye na karatasi yenye sahihi. Mzee amekubali mara tatu, alisema. Wewe unataka akubali mara ngapi? Lakini hakuwa mtu mbaya. Alimpa mpaka kesho saa mbili. Baada ya hapo gari la mahakama linaondoka.

* * *

Kitabu cha dawa hakikuwa na jina la mchapaji. Kilikuwa na mstari mmoja chini ya ukurasa wa mwisho, Imepigwa chapa Bungoma, na alama ndogo ya ua. Katika duka la nne la kuchapisha waliloingia Bungoma, ua hilo lilikuwa limebandikwa ukutani, na chini yake alikaa Nekesa, msichana mwenye miwani, vidole vyake vikigonga mashine bila yeye kuviangalia.

Alikumbuka. Nani atasahau kazi ile, alisema. Mama mmoja alileta daftari la shule la kurasa tisini na sita, limeandikwa kwa penseli. Nekesa alianza kupiga, na kila alipofika kwenye kosa alilisahihisha. Mama alikuwa amekaa pale pale kwenye kiti, miwani puani, akisoma kila karatasi ikitoka. Alipoona maradhi akasimama.

"Akaniambia nirudishe," Nekesa alisema. "Nikamwambia mama, hii ni kosa. Akaniambia, 'Hakusema hivyo. Andika vile alisema.' Madam, nilijaribu. Hata hiyo mala nilimwonyesha. Nikamwambia watu watafikiri ni maziwa. Akacheka, akasema kila mtu kwao anajua mala ni mala."

"Alicheka?"

"Kidogo. Halafu akalia. Mimi nikapiga vile anataka."

Nyaruai aliomba kitabu cha kazi za duka. Wiki ya pili ya Novemba ya mwaka uliopita, kwa mwandiko wa duara wa mtu aliyeishia shule ya msingi, kulikuwa na mstari: Lenah Nabwile, Matulo, nyuma ya kanisa. Vitabu sitini.

Alipofunga kitabu, Nyaruai aliyarudia maneno ya yule mama. Vile alisema. Si vile anasema. Alimwambia Kipkoech awapigie tena watu wa mpakani, awaambie waache kutafuta.

* * *

Nyuma ya kanisa la Matulo palikuwa na nyumba ya mabati yenye ua uliofagiwa. Mahindi yalikuwa yamefika magotini, na mama mmoja alikuwa katikati ya mistari akipalilia peke yake. Alipoona gari aliegemeza jembe kwenye ua, akapangusa mikono kwenye leso.

"Mulembe," aliwasalimu kwa lugha ya kwao. "Karibuni. Ni habari ya mjini?"

Kando ya nyumba, chini ya maua ya manjano, lilikuwa kaburi la saruji. Kipkoech ndiye aliyesoma kwanza, kofia kifuani. Festus Wanyonyi. Tarehe ilikuwa ya Oktoba, mwaka jana. Akamwangalia Nyaruai, na Nyaruai akatikisa kichwa taratibu. Alienda, mzee wa nyuki alisema. Mtu anayemtaja rafiki yake marehemu hasemi alikufa.

Amelala, haamki. Ukimfungua, anaongea.

Lenah Nabwile aliwapa viti, akakataa kuketi mpaka chai iive. Hakuwa na habari ya yaliyompata Rosaline. Gazeti halifiki kwake, na redio yake iliharibika wakati wa mvua. Nyaruai alimweleza bila kupunguza wala kuongeza, na mama akasikiliza akiwa amesimama na sufuria mkononi. Swali lake la kwanza lilikuwa kama huyo mama ana watoto. Swali la pili, kama anaona.

"Daktari anasema macho yanarudi. Polepole."

Aliweka sufuria chini. Ndipo akaeleza, na hakuhitaji kuulizwa. Mume wake alikuwa mtu wa miti. Kusoma alikujua kidogo, kuandika hakukuweza. Alipougua mwaka jana alitaka maneno yake yabaki, kwa hivyo kila jioni baada ya chakula alilala pale kwenye kochi na kusema, na Lenah akaandika. Alipofika kwenye kipimo alikuwa akionyesha kwa mkono.

"Kiasi hiki ni kiasi gani, mama?"

Lenah aliingia ndani, akatoka na kifuniko cha chupa ya soda. Akakiweka kwenye kiganja cha Nyaruai. Kilikuwa kikavu na chepesi kama ganda la njugu.

"Hicho. Mala moja kwa siku."

Kipkoech aligeuka akaangalia mahindi.

Nyaruai alimwuliza kuhusu Nekesa na masahihisho. Mama alikiri yote. Alijua kuna herufi hazikai sawa, hakuwa mjinga. Lakini alipokuwa akisoma zile karatasi pale dukani, zile za kwanza zilizosahihishwa, hakumsikia mzee wake. Ilikuwa kama mtu wa redio anaongea. Zile zenye makosa, alimsikia mpaka pumzi.

"Na hakuna mtu aliyeziangalia kabla?" Nyaruai aliuliza. "Mtu anayejua kuandika?"

Hapo mama alisita kwa mara ya kwanza.

"Kulikuwa na mpango. Rafiki yake, Mwalimu wa Kamukuywa. Mzee wangu alimpa daftari kwa mkono wake, akamwambia, wewe ndiye mwenye l na r, niwekee sawa. Mwalimu akakaa nalo. Tukiuliza, anasema nitafanya baada ya palizi. Palizi ikaisha, akasema baada ya mavuno. Siku ya mazishi alinirudishia daftari likiwa vile vile, na hakuweza kuniangalia. Mimi sikumkasirikia. Shamba ni shamba."

Nyaruai aliacha kuandika. Kosa lililo ndani yake ni langu, mzee alikuwa amesema. Kumbe hakuwa akidanganya. Alipobishiwa mlango alidhani wamekuja kwa ajili ya vitendawili vyake, akafurahi; alipojua ni kitabu gani, akaamua jibu lake libaki lile lile.

"Mama Lenah, Mwalimu yuko selo Kitale. Kesho saa tatu anapelekwa mahakamani kwa hiki kitabu. Amesema ni yeye."

Mama alivua leso ya kiunoni, akaikunja mara mbili. Aliingia chumbani, na wakasikia kitu kizito kikivutwa kutoka chini ya kitanda. Aliporudi alikuwa amebeba katoni ya vitabu vya kijani, na juu yake daftari la shule, na juu ya daftari karatasi yenye majina. Vitabu arobaini na viwili havijatoka nyumbani. Kumi na saba alipewa mtu mmoja mmoja, na kila mmoja ameandikwa hapo na kijiji chake. Kimoja aliacha maktaba ya Kitale, kwa sababu mzee alisema angependa kukaa na vitabu vingine.

"Na Rosaline alipata wapi?"

"Rosaline Nyambu? Si huyu hapa," mama alisema, kidole kwenye jina la tisa. "Tulikutana kwenye foleni ya hospitali. Aliniambia tumbo inamsumbua, nikamhurumia."

Akafunga mlango kwa kufuli, akaenda kumwambia jirani amfungie ng'ombe, akapanda gari bila kuambiwa.

* * *

Saa mbili kasoro dakika kumi, Ijumaa, Gicheru alikuwa ameweka kifuniko cha soda juu ya faili na alikuwa akikiangalia. Kando yake palikuwa na maelezo ya Lenah, ya Nekesa, na ya mzee wa Lwakhakha, ambaye simu yake ilipatikana alfajiri na ambaye alieleza kwamba kwenda ni kwenda, wao walidhani ameenda wapi. Wakili wa serikali alikuwa ameshasoma. Jina lililo kwenye karatasi ya mashtaka ni la mwandishi, na mwandishi ana miezi minane kaburini. Habari ya mama itaandikiwa faili lake, itasomwa kwa haki yake. Kwa sasa atalala kwake na kuripoti kila Jumatatu. Vitabu kumi na sita vilivyobaki mikononi mwa watu vitafutwe leo, kila kijiji.

"Huyu mzee wako angefungwa kwa mdomo wake," Gicheru alisema.

"Kwa alichokinyamazia, Bosi."

Walimtoa Mwalimu. Alipomwona Lenah kwenye benchi ya wageni alisimama katikati ya mlango, na konstebo nyuma yake ikabidi asimame pia.

"Shemeji. Nani alikuambia uje huku?"

Lenah alimnyooshea daftari. Mzee alilipokea kwa mikono miwili, akalifungua, akaona penseli ile, na kwa muda mrefu hakuna aliyemharakisha. Kisha akauliza kama ofisi ya serikali ina karamu nyekundu.

Gicheru alimwangalia Nyaruai.

"Kalamu," Nyaruai alisema. "Anaomba kalamu."

Ilipatikana. Mwalimu aliegemea kaunta ya kuandikia ripoti, akafungua ukurasa anaoujua bila kutafuta. Alikata herufi moja, juu yake akaandika nyingine. Kisha, mahali palipoandikwa kiasi hiki, alimwuliza Lenah kwa sauti ndogo, na Lenah akamjibu, naye akaandika kwa mwandiko wa ubaoni: kifuniko kimoja cha soda. Kipkoech alisogea kuchukua nakala ya kupeleka hospitalini.

Nyaruai alisubiri mpaka wino ukauke.

"Mwalimu, nimetegua."

"Eeh?"

"Amelala, haamki. Ukimfungua, anaongea. Ni kitabu cha marehemu."

Mzee alifunga daftari. Alikubali kwa kichwa, na pale palipokuwa na uso wa selo ukarudi ule wa mtu aliyewahi kunyoosha shati akibishiwa mlango.

"Umepata. Basi mji hunidai na mimi sikudai."

"Nitakupa tu," Nyaruai alisema, akamfungulia ubao wa kaunta apite. "Chukua Kamukuywa."